Ganda likikauka, hindi bado si kavu la kuhifadhi

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp miaka nenda miaka rudi: ganda la hindi likishakauka shambani, vuna, pukuchua, tia gunia. Si kweli.

Ganda kavu, na doa jeusi kwenye kitako cha punje, ni dalili za kukomaa. Doa linapotokea, punje bado ina unyevu wa asilimia 30 hivi. Ghalani isizidi 13. Watu huchanganya kukomaa na kukauka, tena punje huwahi kuwa ngumu nje huku ndani ina maji.

Pima hivi: chupa ya kioo iliyokauka kabisa, punje hadi theluthi, vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu. Funga, tikisa vizuri, acha dakika 10. Chumvi ikinata kwenye chupa, unyevu umepita 15: anika tena juani juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Isiponata, ongeza siku moja mbili, kwa sababu 15 bado si 13. Msiharakishe hapa, jamani. Ukungu ukishaleta sumukuvu, kupika hakuiondoi.

Ujumbe ule ukikufikia, tafadhali usiusambaze.