Meza ya Kulia ya Kioo: Ukingo, Miguu na Kitambaa cha Kufutia

Kila anayenijia akiwa na nia ya kununua meza ya kulia ya kioo huanza na swali moja: je, itavunjika? Kwa miaka niliyofanya kazi ya kukata, kusaga na kufunga vioo nimezoea kutolijibu moja kwa moja, kwa sababu haliwezi kujibiwa kabla ya kujua kioo chenyewe ni cha aina gani, kingo zake zimemalizwa vipi na kimekalia miguu ya namna gani. Baada ya hapo huuliza la kwangu, ambalo wengi hulichukulia kama mzaha: nani nyumbani atakayeifuta?

Tuanze na aina ya kioo, maana hapo ndipo penye mambo mengi. Kioo cha kawaida, ambacho hupozwa polepole kiwandani, kikivunjika huacha vipande virefu vyenye ncha kali kama visu. Kioo hicho hakifai kuwa uso wa meza ya kulia hata kikiwa kinene, isipokuwa kimelazwa juu ya ubao unaokibeba chote. Kinachofaa ni kioo kilichoimarishwa kwa moto, yaani kilichopashwa hadi kupita nyuzi 600 za Selsiasi na kisha kupulizwa hewa baridi kwa nguvu pande zote mbili. Uso wake wa nje hukaza kwanza. Sehemu ya ndani inapopoa baadaye na kutaka kunywea, hukuta uso umekwisha kukaza, nayo huuvuta. Matokeo yake ni kwamba uso hubaki umebanwa siku zote, ilhali ndani kioo kimevutwa. Ufa hauenei kwa urahisi mahali palipobanwa, na ndiyo sababu kioo cha namna hii huwa na nguvu mara nne hadi tano kuliko kioo cha kawaida cha unene uleule. Lakini ufa ukipenya hadi ndani, nguvu yote iliyofungiwa humo huachiliwa kwa mkupuo mmoja, na meza nzima hugeuka chenga ndogondogo ambazo hazikati sana.

Jambo hili liliwashangaza wataalamu wa Uingereza katika karne ya 17, pale Prince Rupert, mwanamfalme wa asili ya Kijerumani, alipoleta nchini humo matone ya kioo kilichoyeyushwa na kudondoshwa majini. Kichwa cha tone kama hilo hustahimili kipigo cha nyundo, lakini mkia wake mwembamba ukivunjwa kwa vidole, tone zima husambaratika. Meza ya kioo nayo ina mkia wake, nao ni ukingo. Sufuria ikiponyoka na kuangukia katikati ya meza, mara nyingi hakuna linalotokea isipokuwa kelele. Lakini kona ikigongwa na chuma cha kiti, au kioo kikisimamishwa kwa pupa juu ya sakafu ya vigae wakati wa kuhama, pigo dogo hutosha. Kwa hiyo, unapokwenda kuitazama meza, usiishie kubisha katikati kwa kiganja kama wafanyavyo wengi. Pitisha ukucha taratibu kwenye ukingo wote, hasa upande wa chini na kwenye kona. Ukingo uliosagwa na kung'arishwa vizuri huteleza kama kokoto ya mtoni; ukikuta mahali panapokwaruza au palipomeguka kidogo, iache meza hiyo hata kama muuzaji yuko tayari kukupunguzia bei.

Ukingo uliomeguka haurekebishiki, kwa kuwa kioo kikishapitishwa motoni hakikatwi wala hakitobolewi tena. Mteja mmoja aliwahi kuniomba nipunguze sentimita 10 kwenye meza yake ili ipite mlangoni, na alidhani namkwepa nilipomwambia kwamba msumeno ukigusa tu atarudi nyumbani na ndoo ya chenga. Vipimo vyote hukamilishwa kabla ya moto. Meza ya mbao unaweza kuifupisha, kuipiga msasa na kuipaka vanishi upya; ya kioo hubaki kama ulivyoinunua hadi siku utakapoibadilisha.

Yapo pia yale yanayosimuliwa kuhusu meza zinazopasuka zenyewe usiku bila kuguswa, na si hadithi tupu. Mara chache sana chembe ndogo mno ya mchanganyiko wa nikeli na salfa hubaki ndani ya kioo, huvimba polepole kwa miezi au hata miaka, na hatimaye kuanzisha ufa katika ile sehemu iliyovutwa. Viwanda vinaweza kuvipasha vioo tena kwa saa kadhaa ili vyenye kasoro hiyo vipasukie huko, na inafaa kumuuliza muuzaji kama hilo lilifanyika. Asiyetaka kubahatisha kabisa anaweza kuchagua kioo cha tabaka mbili zilizogandishwa kwa utando wa plastiki katikati, ambacho hata kikipasuka vipande hubaki vimeshikana mahali pake. Gharama yake huwa kubwa zaidi, na utando huo unaweza kufifia kandokando pale unyevu unapoingia mara kwa mara.

Kuhusu uzito, hesabu ni rahisi: kila mita moja ya mraba ya kioo huwa na kilo 2.5 kwa kila milimita ya unene. Uso wa sentimita 180 kwa 90 wenye unene wa milimita 12 hukaribia kilo 49 kabla ya kuhesabu miguu. Uzito huo ni faida, kwa sababu kioo hakisogei ovyo, na ni taabu pia, kwa sababu hakibebwi na mtu mmoja. Kibebeni kikiwa kimesimama wima kama dirisha, si kimelala kama sinia.

Miguu ndiyo hunitia wasiwasi kuliko kioo chenyewe. Meza nyingi za kupendeza husimama juu ya nguzo moja ya katikati, na kadiri kioo kinavyojitokeza nje ya nguzo hiyo ndivyo mtu anayeegemea ukingoni anavyoweza kuinua upande wa pili. Nyingine zimeunganishwa kwa visahani vya chuma vilivyogundishwa chini ya kioo, na gundi hiyo huchoka. Mimi hupendelea kioo kinachokalia miguu minne au fremu, kikitenganishwa na chuma kwa vipande vya mpira au silikoni, kwa maana kioo na chuma havipaswi kugusana. Na tafadhali, mtu asipande juu ya meza hiyo kubadilisha balbu, hata kama ina unene wa kidole.

Faida zake ninazikiri bila kinyongo, nami mwenyewe ninayo nyumbani. Chumba kidogo au chenye giza hubadilika, kwa sababu mwanga hupenya na jicho huiona sakafu yote, hivyo meza haionekani kukizuia chumba. Kioo hakinywi mafuta, mchuzi wala wino, hakivimbi kwa maji na hakiliwi na mchwa. Joto nalo si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani: kioo kilichoimarishwa hustahimili tofauti ya joto ya takriban nyuzi 200, wakati kile cha kawaida kinaweza kupasuka kwa tofauti ya nyuzi 40 hivi. Hata hivyo mimi huweka kitu chini ya sufuria, na si kwa sababu ya moto, bali kwa sababu ya mchanga unaong'ang'ania kitako chake. Mchanga ni mgumu kuliko kioo, nao huacha mikwaruzo ambayo ukijaribu kuiondoa kwa kusaga utaacha bonde dogo linalopinda kila taswira.

Sasa nirudi kwenye swali langu la kufuta. Alama za vidole, matone ya maji yaliyokauka na vumbi la saa chache huonekana vyote, hasa jua la asubuhi linapoingia kwa mshazari. Na kwa kuwa macho hupenya hadi upande wa pili wa meza, unapaswa kuifuta chini pia, kazi ambayo hakuna anayeikumbuka siku ya kununua. Maji ya uvuguvugu yenye siki kidogo na kitambaa laini kisichoacha nyuzi hutosha. Sabuni nyingi huacha michirizi, na unga wa kusugulia masufuria usiukaribishe kabisa. Wanaoukimbia usumbufu huu hununua kioo chenye ukungu, lakini kile kilichopigwa kwa mchanga hushika mafuta kwenye vinyweleo vyake. Kilichofanyiwa kazi kwa asidi ni laini zaidi na husafishika kwa urahisi.

Kuna madogo mengine: sahani hulia zinapowekwa, na mikono huhisi ubaridi kwa sababu kioo huondoa joto mwilini haraka kuliko mbao. Asiyeona vizuri anaweza kukosea ukingo ulipo na kuweka bilauri hewani. Mkeka mmoja wenye rangi kwa kila kiti humwonyesha meza inapoishia. Penye mtoto anayeanza kutembea, nashauri meza ya duara au yenye kona zilizoviringwa, kwa kuwa meza ya kulia huwa na kimo cha sentimita 75 hivi na mtoto huyo hutembea kuelekea konani bila kutazama juu.

Yule mteja wa sentimita 10 hatimaye aliuza meza yake, ingawa mlango alikwisha kuupanua. Nilipomuuliza kama kioo kilipata ufa, alicheka na kunijibu kwamba kilikuwa kizima kabisa, ila yeye na mkewe walichoka kugombania nani ainame kufuta chini.