Je, ni polio iliyompooza Rais Roosevelt?

Agosti 1921, Franklin D. Roosevelt alikuwa na umri wa miaka 39, yuko mapumzikoni katika kisiwa cha Campobello, Kanada. Jioni ya tarehe 10 alilala akitetemeka. Siku chache baadaye miguu yake haikuweza kumbeba, wala haikupata nguvu tena hadi anafariki mwaka 1945, akiwa rais wa Marekani. Kisa hiki kimezungukwa na maneno mengi, mengine hayana mguu wa kusimamia.

"Ni maji baridi yaliyompooza." Aliogelea, kweli, kisha akakaa na nguo mbichi akisoma barua zake. Lakini baridi haipoozeshi mtu hivyo. Kama ilikuwa polio, virusi vilikuwa vimeshamwingia siku nyingi kabla. Wengi huishuku kambi ya maskauti aliyoitembelea New York mwishoni mwa Julai.

"Madaktari waliugundua ugonjwa papo hapo." Wa kwanza alidhani ni mafua. Wa pili, Dkt. William Keen, mpasuaji mashuhuri aliyekuwa ameshavuka miaka 80, alisema damu imeganda kwenye uti wa mgongo, akaagiza miguu ikandwe. Mgonjwa mwenyewe hata kuguswa kulimuuma! Keen alituma bili ya dola 600. Neno polio lilitamkwa tarehe 25, alipofika Dkt. Robert Lovett kutoka Boston.

"Sayansi imeshathibitisha kwamba haikuwa polio." Hapa ndipo mitandao inapoteleza. Mwaka 2003 Armond Goldman na wenzake wa Texas walichapisha makala wakisema uwezekano mkubwa ni ugonjwa wa Guillain-Barré, ambapo kinga ya mwili hugeuka na kushambulia mishipa ya fahamu. Walipima dalili nane moja moja, na sita zikaelekea huko, miongoni mwake kupooza kulikopanda kutoka miguuni kwenda juu pande zote mbili, uso kulegea, kibofu kugoma, ngozi kuuma kwa muda mrefu. Umri wake pia ulihesabiwa, kwa kuwa wengi waliopata polio walikuwa watoto.

Hoja nzito, lakini ni hesabu ya uwezekano tu. Wapinzani wao, waliojibu kwa maandishi mwaka 2016, wanashikilia polio. Homa ilimpata mwanzoni, jambo ambalo si la kawaida kwa Guillain-Barré. Misuli ya miguu ilinyauka moja kwa moja, ilhali wengi wa wagonjwa wa Guillain-Barré hurudi kutembea. Hata suala la kama maji ya uti wa mgongo yalipimwa, kipimo kinachosaidia kuyatofautisha magonjwa haya, bado linabishaniwa. Mimi naegemea polio kidogo kwa sababu ya homa na ule unyaukaji, ila anayesema kesi imefungwa, upande wowote, anajipa hukumu ambayo ushahidi haujatoa.

"Wangeujua ugonjwa mapema, angepona." Mwaka 1921 hakuna ugonjwa kati ya hiyo miwili uliokuwa na tiba.

"Wamarekani hawakujua kwamba rais wao amepooza." Walijua sana. Kuanzia 1934 walicheza dansi siku yake ya kuzaliwa ili kuchangia waliopooza. Kilichofichwa ni kiasi cha ulemavu wake: vyuma miguuni, mkono wa kuegemea, wapigapicha kuzuiwa. Machi 1945 alihutubia Bunge akiwa ameketi, akautaja hadharani uzito wa vyuma hivyo.

"Kama haikuwa polio, basi taasisi ya kupambana na polio aliyoianzisha ilijengwa juu ya uongo." Aliianzisha mwaka 1938, na michango yake ndiyo iliyogharamia chanjo ya Jonas Salk, iliyotangazwa kufanya kazi Aprili 12, 1955. Chanjo haikuuliza mwanzilishi aliugua nini.

Leo magonjwa haya mawili bado hufanana kitandani, ndiyo maana hakuna anayeachiwa kukisia kwa macho. Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea miguu ghafla, iwe Kisumu au Kigoma, zinatakiwa sampuli mbili za choo, zipishane kwa angalau saa 24, ndani ya siku 14 tangu apooze. Za Kenya hupimwa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, Nairobi. Za Tanzania huvuka hadi maabara ya Entebbe, Uganda. Kirusi cha polio hutafutwa humo kwenye sampuli.