Je, wajua kwa nini familia ikitoka Malindi kuhamia Italia hukaukiwa na pesa hata kama chakula huko si ghali?

Kwa mtu wa Malindi, Italia si nchi ya mbali. Tangu 1967, mwaka waliorusha setilaiti yao ya San Marco 2 kutoka kule baharini Ngomeni, Waitaliano wamekuja, wamejenga, wameoa na kuolewa, na leo kijana wa ufuoni anaongea Kiitaliano bila kukaa darasani hata siku moja. Kwa hivyo iwe Shella, Maweni ama Barani, hukosi nyumba yenye mtu huko. Na kila huyo mtu akipiga simu swali ni lile lile: analipwa euro 1,200 kwa mwezi, ukipiga kwa shilingi 150 hivi hizo ni laki moja na themanini elfu, yuko na mke na watoto wawili, sasa mbona kila siku analia hana kitu? Wengine huamini kabisa kwamba anaficha. Mimi nasema hafichi, na sababu yake yaeleweka vizuri tu ukiitazama pesa inavyotoka.

Makosa huanza kwenye kulinganisha bei za sokoni. Mtu anauliza nyanya kiasi gani, mchele kiasi gani, anapiga hesabu anaona mbona si mbaya, na kweli si mbaya. Pakiti ya pasta ya nusu kilo kwenye maduka ya bei nafuu yapatikana chini ya euro moja. Mkate, maziwa, pasta na mboga vinatozwa kodi ya asilimia 4 tu, wakati nguo na simu ni asilimia 22. Mchele upo tele manake hakuna nchi ya Umoja wa Ulaya inayolima mchele kushinda Italia, na sima unasonga kwa unga wa polenta, rangi ndo ya njano lakini ni mahindi yale yale. Kinachouma ni ukitaka kula kama uko kwenu: nazi, mihogo, mchicha, ndizi za kupika, hivyo viko kwa maduka ya Waafrika na Wabangladeshi na vimesafiri mbali sana kufika pale. Samaki nao, mtu aliyezoea kununua changu wa leo leo ataona bei atarudisha mkono. Lakini familia inayokubali kula cha huko haivunjwi na chakula.

Kinachoivunja ni namna ya kulipa. Hapa kwetu maisha tunayakata vipande vidogo vidogo, unanunua tokeni ya stima ya mia, mafuta ya kupima, unga nusu kilo, maji mtungi mmoja, na nauli ikikosekana unatembea kutoka Ngala mpaka sokoni unafika. Mwezi ukiwa mbaya unapunguza, wiki ukipata kibarua unaongeza. Huko karibu kila kitu ni mkataba, na mkataba haujui kama mwezi huu ulikosa kazi. Matumizi hayashuki chini ya kiwango fulani hata ukijibana vipi, na mengi yake yanataka kulipwa kwa mpigo kabla hujaanza hata kuishi.

Anza na nyumba, manake hapo ndo pesa nyingi hupotelea. Sheria ya Italia ya 1978 inamruhusu mwenye nyumba kuchukua dipoziti ya hadi miezi mitatu. Weka na kodi ya mwezi wa kwanza, weka na ajenti ambaye mara nyingi anataka kama ya mwezi mmoja hivi. Tuseme ni mji mdogo na nyumba ni euro 600, hapo unahitaji 1,800 ya dipoziti, 600 ya mwezi, 600 ya ajenti, jumla euro 3,000, yaani laki nne na nusu za kwetu na bado hujanunua godoro. Halafu kuna nyumba zinapangishwa tupu kabisa, hata jiko na sinki la jikoni hamna, aliyetoka alifungua makabati yake akaondoka nayo.

Mtu wa hapa atasema basi si mbanane chumba kimoja mwaka wa kwanza kama wengine walivyoanza Majengo. Haiwezekani, na hili wengi hawaambiwi mapema. Baba aliyetangulia kwa kazi akitaka kuita mke na watoto lazima aonyeshe nyumba inatosha, na kipimo kinachotumika kimetoka kwenye kanuni ya 1975: mita za mraba 14 kwa kila mtu kwa watu wanne wa kwanza, akizidi wa tano ni 10 zaidi. Familia ya wanne ni mita 56. Na lazima aonyeshe kipato pia, kiwango kinahesabiwa kutoka kwa posho ya wazee ya serikali, ambayo kwa 2025 ilikuwa kama euro 7,000 kwa mwaka, unaongeza nusu yake kwa kila mtu unayemleta. Yaani unalazimika kupanga nyumba kubwa na kuilipia kabla familia haijapanda ndege, na wakati huo huo unatuma pesa ya matumizi Malindi. Nyumba mbili kwa mshahara mmoja. (Aliyeoana na raia wa Italia hapimwi nyumba wala kipato namna hii, ndo maana hadithi za dada zetu walioolewa kule na hadithi za waliokwenda kwa kazi hazifanani kabisa, msizichanganye.)

Mkataba wenyewe wa kawaida ni wa miaka minne kuongezwa minne mingine, na mpangaji akitaka kutoka katikati anatakiwa awe na sababu nzito na kutoa notisi ya miezi sita. Kwa hivyo ile ya hapa ya kuona kodi imekushinda ukahamia nyumba ya nyuma mwisho wa mwezi, hiyo sahau.

Ukiingia unakuta stima. Nyumba nyingi za Italia zimeunganishwa kwa mkataba wa kilowati 3, maana yake ukiwasha oveni, mashine ya kufua na hita ya umeme pamoja, swichi kuu inajizima nyumba nzima giza. Kuongeza nguvu ni kulipa zaidi. Na bili kwa kawaida inakuja baada ya miezi miwili, ndani yake kuna sehemu unalipa hata kama hukuwasha taa, halafu ile ada ya televisheni ya taifa, euro 90 kwa mwaka 2025, inakatwa humo humo kwenye bili ya stima kidogo kidogo kuanzia Januari hadi Oktoba. Sisi tumezoea tokeni ikilia tunajua, tunazima friji. Bili ya miezi miwili haikulilii, inakuja ikiwa matumizi yashafanyika zamani.

Halafu baridi. Kwa kweli hapa ndo mtu wa pwani hawezi kuwaza kabla hajafika, kwa sababu Malindi joto hatulinunui. Hata kusi livume namna gani usiku kwa kawaida hatushuki chini ya nyuzi 20, na nyuzi 20 hizo hizo ndo kiwango ambacho sheria ya Italia imeweka nyumba kupashwa joto wakati wa baridi, nyongeza isizidi mbili. Yaani hali ya hewa yetu ya usiku, kule inatengenezwa kwa gesi na inalipiwa. Nchi imegawanywa kanda: Milan na Torino hita zinaruhusiwa kutoka 15 Oktoba mpaka 15 Aprili, saa 14 kwa siku, Roma ni kutoka 1 Novemba, saa 12. Hiyo ni karibu nusu mwaka ya bili ambayo hapa haipo kabisa. Na kwenye majengo yenye hita moja ya pamoja kuna sehemu ya gharama inagawanywa kwa wote hata wewe ukifunga za kwako ukalala na mablanketi matatu. Ongeza makoti, viatu vya mvua na theluji, na watoto wanakua kila mwaka vinawabana. Ndo maana nawaambia watu, mwenye uwezo wa kuchagua mwezi wa kupeleka familia asipeleke Novemba, apeleke masika ya huko, Aprili ama Mei, apate miezi ya kupumua kabla ya bili za gesi.

Kuna kingine cha bure ambacho hatukihesabu: watu. Mama akienda kazini hapa mtoto anabaki na bibi, ama na shangazi, ama na jirani ambaye utamletea kipande cha nguru siku ukijaliwa. Kule mtoto chini ya miaka mitatu anakwenda nasari ya wachanga, inaitwa nido, nafasi chache na inalipiwa, kwa hivyo familia nyingi mama anakaa nyumbani miaka kadhaa na ule mpango wa mishahara miwili unayeyuka. Mimi hili naliona zito kuliko hata dipoziti ya nyumba, kwa sababu dipoziti inalipwa mara moja.

Sasa tuseme na haki, manake kuna upande wa pili na ni mkubwa. Vitu vinavyotuumiza sisi hapa, karo na hospitali, kule ndo vyepesi. Shule ya msingi ya serikali haina karo na vitabu vya msingi ni bure, unalipa chakula cha mchana, kuanzia sekondari ya chini ndo unanunua vitabu. Italia ina mfumo wa afya wa taifa tangu 1978, mfanyakazi aliyeandikishwa pamoja na familia yake wanapata daktari wa familia bila kulipa, watoto wana daktari wao, na kumuona daktari bingwa kwa karatasi ya daktari wa familia mchango wa mgonjwa una kikomo cha euro 36.15 kwa karatasi moja, mikoa mingine huongeza kidogo. Tangu Machi 2022 kuna pia posho ya watoto ya kila mwezi, kwa 2025 kutoka euro 57.50 mpaka 201 kwa mtoto kulingana na kipato, ukitimiza masharti ya kibali na kazi ama miaka ya kukaa.

Ila angalia saa ya hivi vitu. Karibu punguzo zote zinapitia cheti kinachoitwa ISEE, kinachopima kipato na mali ya familia nzima, na kwa kipato kinatazama mwaka wa pili nyuma. Bila ISEE chakula cha shule unalipa kiwango cha juu na posho ya mtoto unapewa ile ya chini kabisa. Na ISEE inataka uwe umeandikishwa makazi, makazi ni ngumu kuandikishwa bila mkataba wa nyumba, mkataba unataka dipoziti, basi unaona mwenyewe: gharama zinakuja mwanzo, msaada unakuja nyuma. Kibali cha kukaa nacho kina ada zake, mtu mzima wa kibali cha kuzidi mwaka hadi miaka miwili, ukijumlisha mchango, kadi, stempu na posta, ni euro 126.46, na kikiisha unalipa tena. Mwaka wa tatu familia hiyo hiyo kwa mshahara ule ule yaweza kuwa imetulia kabisa. Anayelia hana kitu mara nyingi ni wa mwaka wa kwanza ama wa pili, na ndo wakati huo huo ambao nyumbani tunamtumia meseji za harusi, matanga na paa la makuti limevuja.

Na ile 1,200 yenyewe uliza kama ni kabla ya makato ama baada. Italia haina mshahara wa chini wa nchi nzima, kila sekta ina mkataba wake wa wafanyakazi, na tangazo la kazi mara nyingi linataja ile kubwa ya kabla. Hapo inatoka michango ya pensheni, asilimia 9 na kidogo kwa mfanyakazi wa kawaida, na kodi ya mapato inayoanzia asilimia 23, ingawa wenye kipato kidogo wana punguzo. Desemba kuna mshahara wa kumi na tatu, huo wajanja wanalipia bili za baridi badala ya zawadi.

Kwa anayejiandaa sasa hivi, hesabu ya kufanya Malindi ni hii: kodi ya miezi mitano mkononi, bili za miezi miwili ya mwanzo, ada za vibali, makoti, na chakula cha miezi mitatu, kabla ya tiketi. Isipofika, mmoja atangulie. Na ukifika tafuta ofisi za CAF na patronato, ziko karibu kila mji, CAF inakutengenezea ISEE bila malipo na patronato inakusaidia fomu za posho ya watoto na za kibali. Bahasha ya fomu za kibali inatolewa bure posta, kwa hivyo jamaa akikwambia akuuzie bahasha kwa euro 50, usilipe.