Mchapuko kutoka mipigo ya gurudumu: gawa kwa muda upi?

Kila sumaku inapopita mbele ya sensa ya gurudumu (kifaa kinachohisi sumaku), sensa hutoa mpigo, yaani ishara fupi ya umeme. Mipigo miwili inakupa kasi tu. Kujua kasi inaongezeka kwa kiasi gani kila sekunde, yaani mchapuko, kunahitaji mipigo mitatu: vipindi viwili vinavyofuatana.

Chukua gurudumu la pikipiki lenye mzingo wa mita 1.80, lenye sumaku 4. Kati ya mpigo na mpigo pikipiki husogea mita 0.45. Kipindi cha kwanza kikiwa sekunde 0.150 na cha pili 0.144, kasi ni mita 3.000 kwa sekunde, kisha 3.125. Tofauti ni 0.125. Je, uigawe kwa muda gani?

Hapa ndipo wengi hukosea. Kila kasi uliyopata ni wastani wa kipindi chake, kwa hiyo ihesabu kuwa ya katikati ya kipindi hicho, si ya mwisho. Toka katikati ya kipindi cha kwanza hadi katikati ya cha pili ni nusu ya jumla yake: sekunde 0.147. Mchapuko ni mita 0.85 kwa sekunde, kila sekunde. Ukigawa kwa jumla yote, 0.294, utapata nusu ya jibu, na namba hiyo haitaonekana ya ajabu hata kidogo. Jibu likiwa hasi, chombo kinapunguza kasi.

Saa nayo iwe makini. Kipindi cha pili kikisomwa 0.145 badala ya 0.144, mchapuko unashuka hadi 0.70. Milisekunde moja tu! Kwenye Arduino Uno (bodi ndogo ya kielektroniki inayopangiwa programu) tumia amri ya micros(), ambayo husogea kwa hatua za mikrosekunde 4, usitumie millis(), inayohesabu kwa milisekunde.

Mzingo upime mwendeshaji akiwa amekaa, kwa sababu tairi hubonyea: weka alama ya chaki, sukuma mizunguko 10, pima kwa futikamba, gawa kwa 10.

Kosa gumu zaidi kuligundua ni sumaku zisizolingana nafasi. Moja ikisogea milimita 5 tu, ukipimia kwenye mzingo wa tairi, pikipiki inayokwenda mita 3 kwa sekunde bila kubadilika itaonyesha mchapuko wa uongo unaofika takribani 0.44, ukibadilika kati ya hasi na chanya, kila mzunguko. Dawa yake ni kulinganisha sumaku na yenyewe: pima muda wa mzunguko mzima kwa mita 1.80. Jibu litachelewa kidogo, lakini litaaminika.

Swichi ya sumaku yenye vibati hudunda inapofunga na kuzaa mipigo ya ziada. Puuza mpigo wowote unaokuja kabla ya milisekunde 5 kupita tangu mpigo uliotangulia. Kwa mita 0.45 hiyo ingekuwa kasi ya kilomita 324 kwa saa. Mpigo ukikosekana, kipindi huwa maradufu na kasi huonekana imekatika nusu ghafla. Kitupe kipindi hicho. Na pikipiki ikisimama hakuna mpigo unaokuja kabisa, hivyo programu hubaki na kasi ya mwisho isipowekewa ukomo, mathalani sekunde 1.