Kutoa Mfuko wa Uzazi kwa Ajili ya Mwingine: Maswali na Majibu

Je, mwanamke asiye na mfuko wa uzazi anaweza kubeba mimba?

Ndiyo. Mnamo Septemba 2014, huko Gothenburg, Sweden, alizaliwa mtoto wa kwanza duniani kutokana na mfuko wa uzazi uliopandikizwa, ambao ulitolewa na rafiki wa familia mwenye umri wa miaka 61.

Kuna tofauti gani na kutoa figo?

Figo humwokoa mgonjwa ambaye maisha yake yamo hatarini. Mfuko wa uzazi hauokoi maisha, na tena hupandikizwa kwa muda tu: baada ya mtoto mmoja au wawili huondolewa, ili mama aache kutumia dawa zinazodhoofisha kinga ya mwili. Kwa sababu hiyo, hatari anayobebeshwa mtoaji yapasa kupimwa kwa ukali zaidi.

Mtoaji anakabiliwa na hatari zipi?

Wengi hudhani kwamba upasuaji huu ni sawa na ule wa kawaida wa kuondoa kizazi. Sivyo. Daktari hulazimika kuutoa mfuko pamoja na mishipa yake ya damu, ukiwemo mtandao wa vena nyembamba zilizoshikana na mirija inayoteremsha mkojo kutoka kwenye figo, na katika majaribio ya mwanzo ya Sweden kazi hiyo ilichukua zaidi ya saa 10. Mrija ukijeruhiwa, mkojo huweza kuvuja na mtoaji akahitaji kupasuliwa tena.

Mama akimtolea binti yake, ridhaa yake ina mashaka?

Si lazima, lakini hapa ndipo penye uzito. Mama anayemwona binti yake akilia kila mwezi huenda asijione ana nafasi ya kukataa, hata kama hakuna aliyemshurutisha. Ndiyo maana anastahili kuhojiwa faraghani, bila binti wala mkwe kuwapo, na mshauri asiyemhudumia mpokeaji. Aelezwe kwamba mfuko unaweza kukataliwa na mwili au mimba isipatikane. Na aweze kujitoa hadi dakika ya mwisho, huku familia ikiambiwa tu kwamba hafai kitabibu. Kwa maoni yangu, hospitali isiyoweza kuilinda siri hiyo haijawa tayari kwa kazi hii.

Je, mfuko unaweza kutolewa na aliyefariki?

Inawezekana. Nchini Brazil, mtoto alizaliwa kwa njia hiyo mwaka 2017, bila mwanamke aliye hai kupasuliwa kwa ajili ya mwingine.