Programu za bure za kunasa skrini: yanayosemwa na yalivyo

Mwalimu anataka kuwaonyesha wanafunzi jinsi ya kujaza fomu mtandaoni. Fundi anataka picha ya ujumbe wa hitilafu amtumie mwenzake. Mhasibu anataka kumfundisha msaidizi wake mfumo mpya bila kurudia maelezo yaleyale kila wiki. Wote watatu huishia kuuliza swali moja: programu ipi ya bure ni bora? Swali hilo halina jibu mpaka ijulikane kinachotakiwa mwishoni ni nini: picha moja, kipande cha sekunde kumi, au somo la saa nzima. Dhana nyingi zilizoenea huzaliwa na kurukwa kwa hatua hiyo.

"Lazima upakue kitu kwanza"

Kwa picha, karibu kila mara si lazima. Kwenye Windows 10 na 11, bonyeza Windows+Shift+S, chora eneo unalotaka, kisha bandika kwa Ctrl+V kwenye barua pepe au waraka. Windows+PrtSc hunasa skrini nzima na kuihifadhi yenyewe kwenye folda ya Screenshots iliyo ndani ya Pictures. Kwenye Mac ni Command+Shift+5, tangu toleo la Mojave la 2018, na hapohapo kuna kitufe cha kurekodi video. Kwenye Linux inayotumia GNOME (mazingira ya desktop) toleo la 42 au zaidi, kitufe cha PrtSc hufungua kidirisha cha picha na video.

Video ndipo mipaka inapoonekana. Snipping Tool, programu ya kunasa skrini iliyomo ndani ya Windows 11, inarekodi video tangu 2023. Game Bar, inayofunguka kwa Windows+G, ipo hata kwenye Windows 10, ila hurekodi dirisha la programu moja tu. Uso wa desktop na kidirisha cha mafaili haivirekodi kabisa, kwa hiyo somo la kuhamisha mafaili kutoka folda hadi folda halitatoka. Chombo cha GNOME hurekodi picha bila sauti. Cha Mac hupokea maikrofoni lakini si sauti inayotoka ndani ya kompyuta yenyewe. Ukigota kwenye mojawapo ya mipaka hii, hapo sasa una sababu ya kupakua.

"Bure ni bure"

Bure ziko za namna tatu, na kuzichanganya ndiko kunakoleta ile bure ghali. Ya kwanza ni programu huria: msimbo wake uko wazi, hakuna toleo la kulipia linalokungoja mbele, wala nembo juu ya video. OBS Studio ya kurekodi video, ShareX, Greenshot na Flameshot za picha hasa, na ScreenToGif ya vipande vifupi vya GIF ziko kundi hili. Ya pili ni bure ya kuonjesha. Bandicam, kwa mfano, isipolipiwa huweka nembo yake juu ya video na kukukatia kwenye dakika 10. Si udanganyifu, wamesema wazi. Tatizo ni la anayegundua baada ya kurekodi somo lote. Ya tatu ni bure ya tovuti za upakuaji zisizo za wenyewe, ambako kisakinishi hubeba mizigo mingine ndani yake.

Hiyo ya tatu si tishio la kufikirika. Mwanzoni mwa 2023 yalionekana matangazo kwenye matokeo ya Google yaliyojifanya ni ya OBS huku yakipeleka watu kwenye tovuti bandia zenye programu za kuiba nywila. Tabia ya kujijengea ni ndogo tu: ruka matokeo yenye alama ya tangazo, andika anwani mwenyewe. OBS iko obsproject.com, ShareX iko getsharex.com.

"OBS ni ya warusha matangazo, tena ni nzito"

Jina lenyewe, Open Broadcaster Software (programu huria ya kurusha matangazo), linachangia, maana ilianza 2012 kwa ajili ya kurusha moja kwa moja. Lakini kitufe cha kurekodi kiko kando ya kile cha kurusha, na anayerekodi somo hahitaji akaunti wala intaneti. Ugumu wake wa kwanza ni kwamba ukiifungua haionyeshi chochote. Haijaharibika. Inasubiri uiambie inase nini: kwenye kisanduku cha Sources bonyeza alama ya kujumlisha, chagua Display Capture kwa skrini nzima au Window Capture kwa dirisha moja. Tungependekeza dirisha moja, kwani ujumbe wa WhatsApp ukiruka pembeni hautaingia kwenye somo.

Kuhusu uzito, kinachoilemea kompyuta ni kazi ya kubana video wakati ileile inaponaswa. Ujumbe wa "Encoding overloaded" ukitokea chini, usikimbilie kubadilisha programu. Fungua Settings, nenda Output, na mahali pa Video Encoder (kinachobana video) angalia kama kuna chaguo la Hardware: QuickSync kwa prosesa za Intel, NVENC kwa kadi za NVIDIA, AMF kwa AMD. Hapo kazi ya kubana huhamia kwenye sehemu maalumu ya chipu, na prosesa hupumua. Kama halipo, nenda Video ushushe Output Resolution kutoka 1920×1080 hadi 1280×720, na fremu (picha zinazofuatana ndani ya video) kutoka 30 hadi 15 kwa sekunde. Somo la jedwali la hesabu halina kinachokimbia. Fremu 15 zinatosha na kubaki. Fremu 60 ni za michezo.

Kwa mashine za zamani kuna jambo moja la kujua. Toleo la 28, lililotoka 2022, liliacha Windows 7 na 8 pamoja na mifumo ya biti 32. Mwenye kompyuta ya namna hiyo atafute 27.2.4, ambalo ndilo la mwisho linalomfaa.

"Skrini nyeusi maana yake programu ni mbovu"

Mara nyingi si mbovu. Laptopu yenye kadi mbili za picha, ile ya ndani ya prosesa na nyingine ya NVIDIA au AMD, huonyesha desktop kwa kadi ya ndani. OBS ikianzishwa kwenye kadi ya pili, haioni kilichoko kwenye ya kwanza. Matokeo ni weusi mtupu. Funga OBS, fungua Settings ya Windows, kisha System, Display, Graphics. Ongeza faili la obs64.exe, chagua Power saving, hifadhi, ifungue upya. Kwa anayerekodi mchezo kwa Game Capture mambo hugeuka: hapo OBS inatakiwa ikae kwenye kadi ileile yenye nguvu inayoendesha mchezo.

Kwenye Linux sababu ni nyingine. SimpleScreenRecorder, iliyopendwa miaka mingi, ilitengenezwa kwa ajili ya X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha, na matoleo mengi ya Linux sasa huanzia kwenye Wayland, mfumo mpya ambao hauruhusu programu kuchungulia skrini bila idhini. OBS kuanzia toleo la 27 huomba idhini hiyo kupitia PipeWire, huduma ya Linux ya kupitisha picha na sauti kati ya programu. Na kama weusi unatokea kwenye filamu za Netflix peke yake, huo umewekwa makusudi kulinda haki za filamu.

"MP4 ndiyo salama, maana inafunguka kila mahali"

Kufunguka inafunguka, ikiwa imemalizwa kuandikwa. Faili la MP4 la kawaida huandika faharasa yake mwishoni, unapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Umeme ukikatika dakika ya 55, faili lina gigabaiti zake zote lakini hakuna kichezeshi kinachojua pa kuanzia. MKV, aina nyingine ya faili la video, haina udhaifu huo: kilichorekodiwa hadi sekunde ya kukatika kinabaki kinachezeka. Kwa hiyo rekodi kwa MKV, halafu ndani ya OBS fungua menyu ya File, chagua Remux Recordings, utoe MP4. Ni suala la sekunde chache na ubora haupungui, kwa sababu video haibanwi upya. Inahamishwa tu kutoka aina moja ya faili hadi nyingine. Toleo la 30.2 la 2024 lilileta MP4 mseto inayostahimili kukatika vilevile. Kwa mwenye toleo la nyuma, au anayetegemea umeme wa kusuasua bila betri, MKV ndiyo mkeka wa kulalia.

"Faili likiwa kubwa, ubora ni mkubwa"

Ukubwa hutokana na biti unazoruhusu kwa kila sekunde, ziwe zimetumika vizuri au la. Piga hesabu: kilobiti 2,500 za picha na 160 za sauti ni 2,660 kwa sekunde. Gawanya kwa 8, zidisha kwa sekunde 3,600, unapata karibu gigabaiti 1.2 kwa saa. Ukiweka 6,000 inakaribia 2.8, hata kama skrini ilikuwa na ukurasa mmoja usiosogea.

Kiwango hicho kisichobadilika kina maana unaporusha moja kwa moja. Kwa kurekodi, chagua ubora badala ya biti: kwenye Output, mahali pa Recording Quality, weka "High Quality, Medium File Size". Skrini ikitulia, faili nalo hutulia. Chaguo la mwisho kabisa kwenye orodha hiyo, lenye neno Lossless (bila kupoteza chochote), liache; litakujazia diski kabla hujafika katikati ya somo. Pia flashi iliyoandaliwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, haipokei faili la gigabaiti 4 au zaidi hata ikiwa na nafasi ya 32. Iandae upya kwa exFAT, baada ya kuhamisha vilivyomo kwa sababu vitafutika.

"Sauti itajirekebisha"

Video yenye ukungu kidogo watu huivumilia. Sauti mbovu huwafanya waifunge. Jirekodi sekunde kumi, sikiliza, ndipo uanze. Kwenye kipimo cha OBS sauti yako icheze kwenye rangi ya njano, kati ya desibeli -20 na -9. Ikigonga nyekundu iko karibu kupasuka. Vaa visikizi, la sivyo maikrofoni itachukua sauti ya spika na kila neno litasikika mara mbili. Kwa feni au jenereta, bonyeza kulia kwenye maikrofoni, fungua Filters, ongeza Noise Suppression, chagua RNNoise. Mvua ikipiga bati, subiri iishe.

"Ukishakata au kufifisha, siri imefichika"

Picha za skrini zenye maandishi zihifadhiwe kwa PNG, kwani JPEG huchafua kingo za herufi, na WhatsApp huzibana zaidi. Zitume kama waraka. Hilo ni dogo. Kubwa ni taarifa za siri. Mwaka 2023 iligundulika kwamba Snipping Tool ya Windows 11, ukihifadhi picha, ukaikata, ukaihifadhi tena juu ya faili lilelile, iliacha sehemu ya data ya picha ya awali ndani ya faili, na ikawezekana kuirudisha. Ilirekebishwa Machi mwaka huohuo, lakini picha zilizokwisha kutumwa kabla yake ziko kulekule zilikotumwa. Kufifisha kwa vijisanduku vya rangi nako si kinga: maandishi mafupi kama nambari ya akaunti yanaweza kukisiwa kwa kulinganisha vijisanduku na vya herufi zinazojulikana. Funika kwa mstatili mweusi usiopenya, kisha hifadhi kwa jina jipya.

Kwa anayetumia ShareX, kabla ya picha ya kwanza fungua After capture tasks uhakikishe Upload image to host haina alama ya tiki. Ikiwa nayo, kila unachonasa kinapanda mtandaoni chenyewe, na kiungo chake kinaweza kufunguliwa na yeyote aliye nacho.