Maneno Yanapomezwa na Mkunjo wa Kijitabu

Vijitabu 200 vya katiba ya kikundi vimeshapigwa stepla, ndipo mtu anagundua kwamba herufi za mwanzo wa mistari zimezama kwenye mkunjo. Akifika kitengo chetu cha uchapaji, ombi huwa moja: "Niongezeeni pambizo ya kushoto." Tukifanya hivyo, nusu ya kurasa zitapona, na nusu nyingine hazitapona.

Sababu ni kwamba kijitabu hakina kushoto wala kulia kwa kudumu. Ukurasa wa 1, 3 au 5 hukaa mkono wa kulia, mshono ukiwa kushoto kwake. Ukurasa wa 2 au 4 ni kinyume chake. Kwa hiyo, katika Word au LibreOffice, ingia kwenye mpangilio wa ukurasa na uchague pambizo zinazoakisiana. Palipoandikwa kushoto na kulia patageuka kuwa ndani na nje. Kwa kijitabu cha A5 cha stepla, milimita 20 ndani na 15 nje zinatosha. Kikigandishwa kwa gundi, ongeza upande wa ndani, maana hakifunguki hadi kulala.

Kosa tunalokutana nalo zaidi, na ambalo hunisikitisha kwa sababu linakula karatasi za watu wasio na fedha za kupoteza, ni kuandaa kazi kwenye A4 kisha kuiacha printa iibane iwe A5. Kubana huko ni asilimia 71 hivi. Pambizo ya milimita 20 inabaki 14, na herufi za ukubwa wa 12 zinakuwa kama 8.5. Mzee gani atazisoma? Anza na A5 yenyewe, milimita 148 kwa 210, tangu neno la kwanza. Wakati wa kuchapa, mpangilio wa kijitabu uweke kurasa mbili za A5 kwenye A4 moja kwa asilimia 100, na uzime chaguo la kutoshea ukurasa.

Upande wa pili wa karatasi ukitoka kichwa chini, tatizo si pambizo. Printa imeambiwa igeuze karatasi kwa upande mrefu. Kwa kijitabu, chagua upande mfupi.

Kijitabu kinene kina shida yake. Karatasi ya gramu 80 ina unene wa takriban milimita 0.1. Ukikunja karatasi 15 pamoja, yaani kurasa 60, ile ya katikati kabisa inasukumwa nje karibu milimita 1.5, na kisu cha steshonari kinaikata hapohapo. Namba za kurasa zilizo pembeni ndizo huondoka kwanza, basi ziwekeni chini katikati.

Kabla ya kufungua rimu, chapa nakala moja tu. Ikunje, ipige stepla, kisha pima kwa rula ukurasa wa kwanza, wa katikati na wa mwisho.